Karakana ya nyumbani ianze na waya

MIKONO KAZINI
Na Zuhura Kilindo

Nyumba nyingi zinazojengwa Goba, Mbezi na Kibamba zina banda la gari ambalo gari halilali humo. Gari liko uani chini ya turubai, na bandani kuna mifuko ya saruji iliyoganda, ndoo za rangi na godoro la zamani. Nafurahi sana ninaposikia mwenye nyumba amelifagia banda hilo na kuligeuza karakana. Kijana anayejua kupiga randa na kuchomelea ana pa kushika hata ajira ikichelewa. Na mtu mzima aliyetengeneza kabati la jiko lake kwa mikono yake analipenda kuliko lolote la dukani.

Kinachonitia hofu ni jinsi fedha inavyotumika. Yote inaishia Kariakoo: grinda, drili, msumeno wa umeme, mashine ya kuchomelea. Vikifika nyumbani vinachomekwa kwenye soketi ile ile moja ya bandani, iliyowekwa kwa ajili ya taa na kuchaji simu. Msimamo wangu ni huu: shilingi ya kwanza ya karakana iende kwenye umeme, ya pili kwenye hewa, mashine zisubiri.

Soketi zetu za kawaida ni za ampea 13. Kwa umeme wa volti 230, hizo hazifiki wati 3,000. Drili na grinda ndogo haziisumbui. Mashine ya kuchomelea inaweza kuvuta zaidi ya hapo, ndiyo maana inataka laini yake yenyewe kutoka kwenye sakiti breka, tena kwa waya mnene. Lakini nenda mtaani uone. Plagi ikigoma kuingia inakatwa, waya zinachunwa na kupachikwa kwenye matundu ya soketi kwa njiti za kiberiti. Mashine ikitetema, njiti zinalegea, waya zinatoa cheche, na chini yake pamejaa maranda makavu.

Waya wa ethi, ule wa kijani na njano, ndio unaoachwa kwanza, kwa sababu mashine inawaka hata bila huo. Siku bodi ya chuma ya mashine itakapovujisha umeme, na wewe umesimama kwa kandambili juu ya saruji yenye unyevunyevu, ndipo waya huo utakapohitajika. Mwambie fundi akufungie pia kifaa kinachokata umeme unapovuja, cha miliampea 30. Na fundi mwenyewe awe na leseni ya EWURA. Muombe akuonyeshe, wala usione haya. Ekstensheni ya kuviringisha nayo ikunjuliwe yote kabla ya kuvuta mzigo mkubwa, maana ikibaki imejiviringa joto halina pa kutokea na plastiki yake inayeyuka.

Tuje kwenye hewa. Banda la tofali lenye mlango mmoja wa chuma halifai kwa kazi ya mbao mpaka litobolewe matundu pande mbili zinazotazamana, upepo upite. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililo chini ya WHO, liliweka vumbi la mbao mwaka 1995 katika kundi la vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani, hasa ya puani. Leso iliyofungwa usoni haizuii vumbi jembamba la msasa. Tafuta barakoa ya N95. Umeme ukikatika, jenereta ikae nje, mbali na mlango na madirisha. Moshi wake una kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na inaua mtu akiwa hajashtuka.

Meza ya kazi haina gharama kubwa. Mbao za paini za Sao Hill zinatosha, mradi miguu iwe minene na meza ifungwe ukutani kwa bolti. Simama wima, mikono ining'inie. Kiganja kikilala juu ya meza bila kuinama, kimo hicho kinakufaa. Funga jiliwa nzuri hapo, na kwa msumeno wa mkono, randa, patasi na nyundo utajifunza mengi kabla ya kuhitaji mashine hata moja.

Mashine ya kwanza kwa wengi ni grinda, na ndiyo ninayoiogopa kuliko zote. Jiwe la milimita 230 limeandikwa mwendo wake wa juu, kwa kawaida mizunguko kama 6,600 kwa dakika. Grinda ndogo inazunguka takriban 11,000. Watu wanang'oa kava ili jiwe kubwa liingie, wanawasha, na jiwe linapasuka vipande usoni. Wengine wanafunga diski ya kukatia mbao yenye meno. Ikinasa kwenye mbao, grinda inaruka na kumrudia aliyeishika. Soma maandishi ya jiwe kabla ya kulifunga. Kwenye pete ya chuma ya katikati hata tarehe ya mwisho wa matumizi huwa imegongwa.

Wewe ambaye mashine yako iko kwenye njiti za kiberiti hivi sasa, zima swichi kuu leo, na umwite fundi umeme kabla hujamruhusu mtoto kuingia bandani kukushikia ubao.