Jani la akili na moshi wa zahabu



Munatuuliza juu ya brahmi, dawa ya Wahindi ya kuongeza kumbukumbu. Je, mukristo anaweza kuitumia? Isaya aliagiza tini ziwekwe juu ya jipu la mfalme Hezekia. Jani si dhambi. Ulizo ni hili: linasaidia nini?

Katika Uhindi jina hilo linapewa mimea miwili. Mmoja ni bakopa, unaoota majini. Mwingine ni sentela, jani la mviringo kama figo, linalotambaa penye unyevu. Sentela inaota Afrika pia. Madagaska wanaichuma na kuiuzia viwanda vya dawa za vidonda. Lakini usichume jani la mtoni kwa kulifananisha tu!

Waganga walipima bakopa. Watu wazima walioimeza kila siku kwa majuma 12, wengine walikumbuka vizuri kidogo. Kidogo, nasema. Wengine tumbo liliwasumbua.

Sasa wewe baba wa Kabambare unayetafuta dawa hii, nami nakuuliza: zahabu unaichomea wapi? Pale wachimbaji wanatumia zebaki, ile merkire, wanaikamatisha na zahabu, kisha wanaitia motoni. Zebaki inapanda kama mvuke, macho hayaioni. Inaingia mapafuni, inapita katika damu, inafika kwenye ubongo. Mikono inatetemeka, usingizi unakatika, mtu anasahau, anakasirika bure. Nyumbani wanasema amelogwa. Na mama mwenye mimba akiwa karibu, mutoto wa tumboni naye anaumizwa. Hakuna jani linalotoa zebaki kichwani.

Mapatano ya Minamata, yaliyoanza kutumika mwaka wa 2017, yanataka watu waache kabisa kuichoma penye makao ya watu. Basi, kazi ile iende mbali na nyumba, na ifanywe katika chombo kilichofungwa, chenye mrija unaorudisha mvuke kuwa zebaki tena. Sufuria ya kuchomea isirudi jikoni, hata ikisuguliwa namna gani.

Mwenye kutetemeka aende hospitali, amwambie munganga kazi yake bila kuficha. Huku kwetu Maniema, anayesahau na kusinzia muchana apimwe malale pia, maana ndorobo wapo. Tangu mwisho wa 2018 Kongo imekubali vidonge vya feksinidazoli kwa ugonjwa huo, na vinatolewa bure.