Likizo ya Miguu Milimani Japani

Mwezi huu tutembee mbali kidogo, hadi Japani. Katikati ya nchi hiyo kuna bonde liitwalo Kiso, na humo hupita njia ya kale ya Nakasendo, iliyounganisha Edo, ndiyo Tokyo ya leo, na Kyoto. Ilikuwa na vituo 69 vya kulaza wasafiri. Siku hizi familia huenda huko kwa likizo, wakatembea kwa miguu kutoka Magome hadi Tsumago, yapata kilomita 8 za kupanda na kushuka msituni. Mizigo yaweza kutangulizwa kwa gari. Njiani zimetundikwa kengele, nawe upitapo huigonga ili dubu akusikie aondoke zake.

Jioni hufikia nyumba ya wageni ya kienyeji. Viatu huachwa mlangoni. Chumba kimetandikwa mikeka minene, na godoro hutandazwa juu yake usiku tu. Mgeni hupewa vazi la pamba kama kanzu iliyo wazi mbele. Upande wa kushoto lazima uje juu ya ule wa kulia, kwa maana kinyume chake ndivyo wavikwavyo maiti. Tena, kabla ya kuingia katika hodhi la maji ya moto hujisugua kwa sabuni na kujisuuza kando, kwani maji yale ni ya wageni wote.

Na chakula! Wali, supu ya miso, ambayo ni soya iliyovundikwa kwa chumvi, achari, mboga za porini, samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi. Kila kitu kidogo, kila kitu na kibakuli chake. Mimi nahesabu vyombo vya kuosha! Lakini mke aliyekuja kama mgeni haoshi hata kimoja. Anakaa, anawekewa. Sisi tukienda kijijini Krismasi, baba hukaa chini ya mwembe na ndugu zake, na mama amehama jiko tu: ameacha la mkaa, amekuta mafiga. Hiyo twaiita likizo. Heri tulizungumze na mabwana zetu mapema, kabla tiketi hazijakatwa.

Liko jambo jingine Tsumago ambalo Mkristo halipiti hivi hivi. Pale pamejengwa upya ubao wa matangazo kama ule wa zamani, ambako watawala walibandika makatazo yao. Moja lilikuwa Ukristo. Dini yetu ilipigwa marufuku nchi nzima mwaka 1614, na mbao za kuikataza hazikuondolewa hadi 1873. Fikiria mama aliyeamini kwa siri, mtoto mgongoni, akipita chini ya ubao wa namna ile huku uso wake usioneshe lolote.

Hata hivyo imani haikufa. Huko Nagasaki waliifundisha nyumbani kwa nyumbani, kizazi hadi kizazi, bila padri wala kanisa. Machi 1865 kikundi cha wanakijiji kiliingia katika kanisa jipya lililojengwa kwa ajili ya wageni. Mwanamke mmoja akamsogelea padri Mfaransa, Petitjean, akamnong'oneza kwamba mioyo yao ilikuwa sawa na wake, kisha akauliza sanamu ya Mariamu iko wapi.