Namba ya +250

Kijana mmoja wa kundi letu hapa Buyenzi alikuwa anaongea na simu barazani. Jirani akachungulia, akaona namba inaanza na +250. Kufika jioni, mtaa mzima unasema: huyu mpelelezi wa Rwanda. Huyo aliyepiga ni shangazi yake, mkimbizi Mkongomani kama sisi, yuko kambi ya Kiziba. Walikuwa wanaulizana bei ya maharage na nani amefiwa. Kijana hakutoka nje siku tatu. Mama yake akavunja laini ya simu, akaitupa chooni. Sasa shangazi akiugua, nani atawaambia?

Naandika nikiwa na hasira, na sijifichi.

Wapelelezi wapo, sikatai. Tangu 2015 Bujumbura na Kigali hawaaminiani. Bujumbura inasema Kigali inawapa nguvu waasi wake. Kigali inajibu kwamba Bujumbura inashirikiana na FDLR. Kila mmoja anakana. Januari 2024 Burundi ilifunga tena mpaka, baada ya watu kuuawa Vugizo, karibu na Gatumba, Desemba 2023. Halafu vita ya M23 kule kwetu Kivu, jeshi la Burundi likiwa upande wa Kinshasa, imemwaga mafuta kwenye moto.

Lakini angalieni nani analipa. Oktoba 2015 Burundi ilimfukuza mwanadiplomasia wa Rwanda. Alifanywa nini? Alirudi kwao, basi. Mkataba wa Vienna wa 1961 unamlinda: hakamatwi, anaambiwa tu aondoke. Jacques Bihozagara, aliyewahi kuwa waziri na balozi wa Rwanda, hakuwa tena na kinga ile. Alikamatwa Bujumbura Desemba 2015 akishukiwa upelelezi, akafia gereza la Mpimba tarehe 30 Machi 2016. Ikiwa mtu aliyekuwa balozi yalimkuta hayo, mtoto wa mkimbizi mwenye karatasi iliyochakaa mfukoni atakingwa na nini?

Na upande wa pili ni vilevile. Mwaka 2016 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti kwamba wakimbizi Warundi wa kambi ya Mahama waliandikishwa na kufundishwa vita kwenye ardhi ya Rwanda. Rwanda ilikana. Sawa, wabishane. Lakini tangu hapo, kila Mrundi aliyelala Mahama na watoto wake anaangaliwa kama mwasi. Yaani wakubwa wanacheza karata, na karata ni sisi.

Wengine watasema: usalama kwanza, mkimbizi naye anaweza kutumwa. Kweli, anaweza. Ndiyo maana Mkataba wa OAU wa 1969 unakataza mkimbizi kushambulia nchi nyingine kutoka pale alipopewa hifadhi. Lakini mkataba huohuo unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani na la utu, wala nchi yoyote isilione kuwa uadui. Huwezi kusoma ukurasa mmoja ukachana mwingine.

Na tunajua maneno ya "kambini mna wapiganaji" yanafika wapi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 2004, Gatumba, wakimbizi zaidi ya 150 waliuawa, wengi Banyamulenge, wengi wanawake na watoto. FNL walijitangaza kwamba ndio waliofanya, na wakadai pale kulikuwa na wapiganaji. Watoto wachanga walikuwa wapiganaji wa nani?

Kwa hiyo nasema kwa serikali zote: mkimshuku mtu, mpelekeni mahakamani, ushahidi uonekane, apate mkalimani na mtu wa kumtetea. Lugha anayoongea si ushahidi. Pua yake si ushahidi. Namba ya simu ya shangazi si ushahidi.

Na kwetu wenyewe nasema kwa ukali zaidi, maana aliyeanza ule uvumi hakuwa polisi wala mwenyeji. Alikuwa mkimbizi mwenzetu, aliyevuka Rusizi kama sisi. Eti alikuwa na ugomvi wa deni na ile familia. Ndugu zangu, neno "mpelelezi" si matusi ya kulipizana deni. Ukilitupa leo kwa jirani, kesho litakuja mlangoni kwako, na wewe pia una ndugu Kigali, Bukavu ama Uvira.

Wazee wa mtaa, muiteni aliyesema, aseme mbele ya watu amejua wapi. Akishindwa, aombe msamaha, na amnunulie yule mama laini nyingine.