Mfundisheni Kwanza, Kisha Mpimeni

Msimu wa ajira ukifika, vijana niliowafundisha hisabati hapa Bagamoyo hunipigia simu na swali lile lile: "Shikamoo mwalimu. Hivi ile mitihani ya kupima uwezo inasomewa wapi?" Waajiri huwaambia kwamba haisomewi. Wanasema inapima akili yenyewe, namna mtu anavyofikiri, wala si alichokariri darasani. Mimi nasema inasomewa, na anayedai vinginevyo anawaumiza watoto wa watu.

Mmoja wa waliopiga ni binti aliyemaliza mchepuo wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) kwa daraja la kwanza, akaenda chuo kikuu na huko pia akafanya vizuri. Kampuni moja ilimwita kwenye usaili, ikamkalisha mbele ya kompyuta na kumpa mifululizo ya maumbo: pembetatu inazunguka, nukta inahama kona, chagua umbo linalofuata. Kila swali na sekunde zake. Alipoanza kuelewa anaulizwa nini, muda ulikuwa umekwisha, na jioni akaletewa ujumbe kwamba hakufikia kiwango. Baba yake alinifuata nyumbani kuuliza kama zile alama za shuleni zilikuwa za kweli. Zilikuwa za kweli, mzee mwenzangu, na bado ni za kweli.

Daraja la kwanza hujengwa kwa miaka. Mtoto anahudhuria, anarudia swali la vekta usiku mpaka likubali, anajifunza kuandika kila hatua ili msahihishaji aione. Mtihani wa maumbo hauoni lolote kati ya hayo. Unataka wepesi wa dakika chache, mbele ya kitu ambacho baadhi ya washindani wamekizoea tangu utotoni kwenye vitabu vya mafumbo na michezo ya kompyuta. Kwa sababu hiyo hiyo yupo kijana anayeng'ara kwenye maumbo halafu anasuasua chuoni, maana hajawahi kukaa na swali moja gumu wiki nzima. Ongeza na lugha: maelekezo huwa ya Kiingereza, na sekunde za kuyasoma zinakatwa kwenye sekunde za kufikiri.

Mwaka 1979 mtafiti Robert Serpell alichapisha matokeo ya jaribio ambalo ningependa kila ofisa ajira alijue. Aliwapa watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester kazi ya kunakili maumbo. Kwa penseli na karatasi, watoto wa Manchester walifanya vizuri zaidi. Kwa waya, watoto wa Lusaka wakawapita, kwa kuwa huko watoto hujiundia magari ya waya wenyewe. Kwa udongo wa kufinyanga hapakuwa na tofauti. Sasa tuseme Serpell angeleta penseli peke yake. Ripoti ingesema nini kuhusu akili ya mtoto wa Lusaka?

Lakini ushahidi ninaoupenda kuliko wote ulipatikana hapa hapa kwetu. Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao walifanya utafiti katika shule za msingi za Bagamoyo, wakauchapisha mwaka 2002. Waliwapa watoto wa miaka 11 hadi 13 majaribio ya kufikiri: kupanga kadi kwa makundi, kutatua hoja za mantiki, kugundua kitu kilichofichwa kwa kuuliza maswali machache. Kisha wakalifundisha kundi moja mbinu za kazi hizo kwa muda usiofika saa moja, wakawapima wote tena. Alama za waliofundishwa zilipanda kuliko za wenzao. Tena mpangilio ulivurugika: aliyekuwa mkiani mwanzoni hakubaki lazima mkiani. Na alama za baada ya kufundishwa ndizo zilizoeleza vizuri zaidi jinsi watoto hao walivyofanya katika kazi nyingine za kufikiri na za darasani.

Chini ya saa moja! Mimi ninayeshinda na watoto hawa siioni habari hiyo kuwa ya ajabu, ila inanichoma, kwa sababu hukumu ya kazi hutolewa kwa ile alama ya kwanza, kabla mtu hajaonyeshwa chochote.

Wapo watakaonijibu kwamba mitihani hii humtetea mtoto wa maskini, na hoja yao ina uzito. Chuo cha MIT cha Marekani kilirudisha sharti la mtihani wa SAT kwa waombaji mwaka 2022 baada ya kulisimamisha wakati wa korona, kikieleza kwamba bila alama hizo ni vigumu kumtambua mwenye uwezo aliyetoka shule isiyofundisha masomo ya juu. Nakubali. Lakini mtihani ule una maswali ya mfano na mazoezi ya bure mtandaoni, na anayetaka huurudia. MIT yenyewe huusoma pamoja na mambo mengine mengi ya mwombaji. Kijana wetu hukutana na mtihani wake kwa mara ya kwanza siku ile ile unapomkata.

Ninachoomba hakina gharama kubwa. Tangazo la kazi liambatane na mtihani wa mfano wenye majibu na maelezo, wiki mbili kabla ya usaili. Maswali machache ya mwanzo yawe ya mazoezi, yasihesabiwe. Mtu akiwa na matokeo mazuri ya chuo na alama mbaya ya maumbo, aitwe azungumze na binadamu kabla ya kukatwa.

Kwa upande wa shule, kipindi kimoja kwa wiki cha mafumbo ya maumbo na mantiki kinatosha kuanzia. Shuleni kwetu tunakifanya Alhamisi baada ya masomo, kwa chaki na ubao, na wanaokuja si wa mchepuo wa sayansi peke yao. Tunachokosa ni maswali halisi. Kampuni yoyote iliyo tayari kutupatia mitihani yake ya miaka iliyopita, tutaipokea kwa mikono miwili na tutaisambaza kwa shule jirani.