Boti za doria, magendo na roho za watu: suali tuliloulizwa Ngamiani

 

Ngamiani, Tanga, ni pahala ambapo nyumba nyingi zina jamaa Pemba, na Pemba nyumba nyingi zina jamaa Ngamiani. Ndiko tulikoulizwa baada ya darsa: mtu amepakia magendo usiku, boti ya doria ikamfukuza, chombo kikapinduka akazama. Je, huyo ni shahidi? Suali ni la fiqhi, lakini halijibiki vyema bila ya kuvijua vyombo vyenyewe, kwa hiyo tutaanza navyo.

Boti ndogo za vita ziendazo kasi ni za zamani kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1876 Waingereza waliteremsha Lightning, boti ya mvuke iliyobeba torpido na kwenda kiasi cha noti 19. Mwaka 1916 wakaja na boti za petroli zenye tumbo lililochongwa ili chombo kipande juu ya maji badala ya kuyasukuma. Kisha Oktoba 21, 1967, boti za Misri zikiwa ndani ya bandari ya Port Said zilirusha makombora na kuizamisha manowari ya Israel, Eilat. Tangu siku hiyo hata mataifa makubwa yaliacha kuidharau boti ndogo.

Kwetu nako zilifika. Miaka ya 1970 Jeshi la Wanamaji la Tanzania lilipata kutoka China boti za Shanghai, na pia za Huchuan, zenye mabawa chini ya maji yanayoinua omo na kuzipa kasi ya zaidi ya noti 50, yaani kilomita 90 na ushei kwa saa. Aprili 2015 Rais Kikwete alizindua meli mbili nyengine za doria zilizoundwa China, Mwitongo na Msoga. Upande wa Zanzibar doria ni kazi ya KMKM, ambayo jina lake lenyewe linataja magendo.

Tunasikia barazani: "Serikali ilete boti za kasi zaidi, magendo yatakwisha." Hapo ndipo tunapotofautiana na wenzetu.

Kasi ina bei yake. Ukitaka chombo kiende mara mbili ya mwendo wake, mashine ya nguvu mara mbili haitoshi, na mafuta yanaliwa vivyo hivyo. Tumbo la bapa hukimbia vizuri bahari ikiwa shwari, lakini Kusi likivuma chombo hupigwa na mawimbi mpaka mabaharia wakaumia migongo. Tumbo lililochongoka hukata wimbi vizuri zaidi, ila linataka nguvu kubwa zaidi. Kwa hiyo muundaji lazima achague. Mkondo wa Pemba una kina kinachopita mita 800, na kutoka Tanga hadi Wete ni kiasi cha kilomita 70. Kwenye karatasi boti ya noti 30 inavuka kwa saa moja na robo. Mwezi wa Julai, muulize nahodha yeyote wa Kigombe kama karatasi hiyo inaijua bahari.

Na mwenye magendo naye ana duka la mashine. Ukiongeza noti kumi, ataongeza mashine ya pili.

Tutazame mambo mawili. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata kilo 1,032 za heroini ndani ya jahazi mbali na pwani ya Mombasa. Jahazi lile halikuwa la kasi. Kilichohitajika ni chombo kinachoweza kukaa bahari kuu siku nyingi, na watu wa kupanda na kupekua. Sisi tunaozika watoto wetu kwa sababu ya unga tunajua uzito wa kilo zile. La pili ni karafuu. Miaka mingi zilivushwa kwa siri kutoka Pemba kwenda Kenya, na wakulima wakifukuzwa. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ilipandisha sana bei ya kununulia, na magendo yakapungua kwa kiwango ambacho miaka ya kufukuzana haikukifikia. Mkulima alipoona haki yake, aliipeleka karafuu ZSTC mwenyewe.

Boti basi tunazihitaji kwa nini? Usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011, MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi ikielekea Pemba, imejazwa kupita kiasi. Wavuvi walikuwa miongoni mwa waliowahi kuokoa. Boti ya doria inayostahili fedha za umma ni ile inayoweza kutoka usiku wa Kusi, ikasimama kwa utulivu kando ya watu waliomo majini na kuwapandisha. Sifa hizo haziandikwi ubavuni kama noti, na ndizo tungependa wawakilishi wetu waziulizie.

Sasa suali. Aliyezama amepewa daraja ya shahidi wa Akhera. Wanavyuoni wa Kishafii wametofautisha baina ya maasi yaliyofuatana tu na kifo na maasi yaliyokuwa ndiyo sababu ya kifo. Mfano wao ni mtu aliyepanda chombo wakati ambao vyombo havisafiri, akazama: huyo amejiingiza mwenyewe katika maangamizi. Kwa kipimo hicho, sukari ya magendo peke yake haimnyimi mtu daraja hiyo, ingawa dhambi yake iko. Lakini nahodha aliyejaza chombo kupita kiasi na kuondoka bandari bubu bahari imechafuka, kesi yake ni nzito, na abiria waliozama naye wakiwa hawajui hatari wana hukumu nyengine iliyo nyepesi.

Na askari? Kumfukuza mhalifu ni wajibu wake, lakini akiona ndani mna wanawake na watoto, haimfalii kukizungukia chombo kwa mawimbi mpaka kipinduke. Akipunguza mwendo na kukifuata kwa mbali mpaka nchi kavu, shehena itapatikana na watu watabaki hai.

Maiti ya aliyezama inaoshwa, inakafiniwa na kusaliwa kama maiti nyengine. Deni lake nalo hulipwa kabla ya kurithiwa, pamoja na mali za watu alizokuwa amebeba.