Mcheza Kwao Hutunzwa, Lakini kwa Kitu Gani?

Wazee wetu walisema: mcheza kwao hutunzwa. Sisi twauliza: hutunzwa na nani, tena kwa kitu gani?

Tumtazame ndugu yetu wa Nigeria aliyejulikana kwa jina la Twins Seven Seven. Alizaliwa mwaka 1944 katika nchi ya Wayoruba. Jina hilo alijipa kwa kuwa, kama alivyoeleza mwenyewe, mama yake alizaa mapacha mara saba, na katika wote akasalia yeye peke yake.

Ujanani alizunguka akicheza mbele ya watu ili muuza dawa apate wanunuzi. Mwaka 1964 alifika mji wa Osogbo, akaingia bila kualikwa katika dansi ya klabu ya Mbari Mbayo. Ulli Beier, Mjerumani aliyeishi huko, alipomwona akamtaka abaki. Muda si muda kijana huyo alikuwa akichora katika mafunzo ya Georgina Beier. Alichora mizimu, wanyama na mambo ya hadithi za Kiyoruba. Tena alitunga nyimbo, akaimba, akaongoza bendi yake mwenyewe.

Mwaka 1989 picha zake zilitundikwa Paris katika maonyesho makubwa ya wasanii wa dunia. Lakini baadaye mtu huyo huyo alikuwa Philadelphia, Marekani, na shida zikamkaba hata akawa mwangalizi wa magari yaliyoegeshwa nje ya duka. Mwaka 2005 UNESCO ilimpa cheo cha Msanii wa Amani. Alifariki Ibadan mwezi wa Juni, 2011.

Hatusemi kwamba kwao alidharauliwa, maana alipewa vyeo vya uchifu. Heshima ni njema. Lakini cheo hakinunui wino wala rangi, na ngoma haijazi chungu. Mtu aliyebeba hadithi za taifa zima alilazimika kuzitafutia riziki ng'ambo.

Wako watakaosema: alijitakia, mbona hakutafuta kazi ya mshahara? Twawajibu hivi: aliyeajiriwa huimba aliloagizwa. Taifa lahitaji pia mtu asiyetumwa na yeyote, aonaye tusiyoyaona na kuyasema bila kuogopa. Lakini uhuru wake usiwe kisingizio cha kumwacha na njaa. Mkulima naye ni mtu huru, wala hakuna athubutuye kuchukua mahindi yake kisha akamlipa kwa makofi.

Basi tuanze nyumbani. Wako viongozi wanaowaita waimbaji mikutanoni, wakawachezesha tangu asubuhi mpaka jua kuchwa, kisha wakawapa ahsante na kuwaacha watembee kwa miguu. Jambo hili likome. Kila tawi liandike majina ya waimbaji, wachoraji na wachongaji wake. Malipo yapatanwe kabla ngoma haijapigwa. Shule na ofisi zinapotaka picha za ukutani, zinunue kwanza kwa wachoraji wa hapa hapa, kwa bei ya haki.

Hayo hayahitaji wizara mpya wala fedha za kukopa. Yahitaji katibu wa tawi, daftari moja, na wanachama watakaouliza katika kila mkutano: wale waliotuimbia juzi, wamelipwa?