Msaragambo unachimba mtaro, lakini hauendeshi mradi wa maji

Mwananchi wa Upareni hahitaji kufundishwa namna ya kuchimba mtaro wa bomba. Kwa msaragambo zimejengwa shule, zimepasuliwa barabara za milimani, na zimesafishwa ndiva ambazo hukusanya maji usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda mashambani. Katika tambarare kame kama za Kwakoa, wilayani Mwanga, kazi ngumu inaanza baada ya mgeni rasmi kukata utepe na kuondoka. Nani atashinda kwenye pampu, atapima dawa ya maji na kusoma dira, na mtu huyo atalipwa na nani?

Swali hili ni la zamani. Mwaka 1971 serikali iliahidi kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi wa kijijini angepata maji ya bure ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Mabomba mengi yalilazwa, lakini dizeli na vipuri havikuwa na mwenyewe, na pampu zikageuka vyuma chakavu. Sera ya Maji ya 2002 ikasema watumiaji wachangie gharama zote za uendeshaji na matengenezo. Sheria ya 2019 ikaleta RUWASA, na chini yake vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Kwenye karatasi mambo ni mazuri. Kijijini, mara nyingi "chombo" hicho ni wanakamati wachache wanaojitolea na kijana mmoja mwenye spana anayepewa posho ikipatikana.

Kijana huyo akipata cheti cha ufundi, Mererani na Dar es Salaam zinamwita. Tusimlaumu. Hata mkulima huhamisha tangawizi yake kwenda soko linalolipa.

Nao ufundi wenyewe umekuwa mgumu kuliko zamani. Tazama mradi mkubwa wa Same–Mwanga–Korogwe, uliosubiriwa zaidi ya miaka kumi hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipouzindua Machi 2025. Chanzo chake ni bwawa la Nyumba ya Mungu, linalopokea mito ya Kikuletwa na Ruvu. (Ruvu hii ndiyo inayotoka Ziwa Jipe, jirani na Kwakoa, ikazunguka milima ya Pare upande wa kaskazini.) Maji ya bwawa yana tope na mimea midogo. Lazima yatiwe shabu ili tope lishikamane na kuzama, yachujwe, kisha yatiwe klorini. Mvua ikinyesha na mto ukachafuka, kipimo cha jana hakifai leo. Kazi hiyo inataka mtu aliyesoma, aliye macho hata saa nane za usiku.

Kwenye kisima kirefu au mserereko wa kijiji kazi ni ndogo zaidi, lakini haitaki kubahatisha. Tuseme tangi lina lita 50,000 na maji yanahitaji miligramu 2 za klorini kwa lita. Hiyo ni gramu 100 za klorini halisi. Kwa unga wenye nguvu ya asilimia 65, ni gramu 150 hivi. Ukipunguza, kipindupindu hakizuiliki. Ukizidisha, akina mama watalalamikia harufu na kurudi kuchota lamboni. Unga ukiwekwa kwenye joto na unyevu hupungua nguvu, kwa hiyo fundi asiye na kipimo cha klorini bombani anatia dawa kwa imani tu.

Tena klorini haiondoi floraidi, madini yaliyowachafua meno watu wengi wa mikoa ya Kilimanjaro na Arusha. Kuchemsha nako hakusaidii. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na njia ya kujua ni kupima maabara kabla ya kutumia mamilioni kwenye kisima.

Wapo wanaosema teknolojia itatuokoa: pampu za sola na dira za kulipia kabla, ile "Luku ya maji". Mimi nazipenda, hasa kwa sababu fedha hazipiti mfukoni mwa mtu. Lakini jua halibadilishi kifaa kilichoungua, na bomba la kadi likigoma halitengenezwi kwa nyundo. Kijiji kinachonunua mtambo bila kuwa na anayeweza kuufungua kimenunua kiu ya baadaye.

Tupige hesabu ya mfano. Mradi unaouza ndoo 1,000 za lita 20 kwa siku, kila moja shilingi 50, unaingiza shilingi 50,000 kwa siku, yaani milioni 1.5 kwa mwezi. Maji yaliyopandishwa tangini yakivuja au kuibiwa kiasi cha theluthi moja kabla ya kuuzwa, inayopotea ni laki saba na nusu kila mwezi. Huo ni mshahara wa fundi, na chenji ya dawa inabaki. Kwa hiyo anayesema hatuna uwezo wa kuajiri aoneshe kwanza daftari la mivujo.

Wenzetu wa wilaya ya Hai walianza mapema. Katika miradi iliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani, kama Uroki–Bomang'ombe na Losaa–KIA, maji yaliuzwa kwa dira hata kwenye vituo vya umma, na bodi zikaajiri mafundi wa kudumu. Walikubaliana tu kwamba maji yana bei.

Najua bei inaumiza. Mama lishe na mfugaji mwenye ng'ombe kumi wanaisikia kila siku, na wazee wasiojiweza wapewe nafuu iliyoandikwa, siyo ya kunong'onezwa. Lakini mwanasiasa anayesimama jukwaani na kutangaza maji ya bure aulizwe hapo hapo nani atanunua klorini ya mwezi ujao.

Mkutano ujao wa kijiji uweke ajenda mbili. Ya kwanza, mshahara wa fundi na fedha ya dawa vitengwe kabla ya posho yoyote ya kikao. Ya pili, vijana wawili wa hapo hapo, mmoja akiwa msichana, wasomeshwe VETA au Chuo cha Maji cha Dar es Salaam kwa mkataba wa kurudi kufanya kazi miaka kadhaa. Wawili, kwa sababu mmoja ataugua, ataoa au atapata kazi Moshi.